Soko Lilifungwa Saa Ngapi?

Mtu aliyezoea kubisha hodi akiingia kwako bila kubisha, ujue moyoni amekwisha kuondoka, na mwili ndio umekuja kumalizia. Ndivyo Fundi alivyoingia ofisini kwa mchumba wake siku ile, saa nne asubuhi. Mlango aliusukuma kwa bega. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Na yale macho yake, ambayo kwa miaka mitatu yalikuwa yakimtafuta Bi Rangi kabla hayajatafuta pa kukaa, leo yalikwenda moja kwa moja kwenye kiti.

"Paspoti nimeshaichukua kwa Meneja," alisema. "Kwako nina swali moja."

"Kaa kwanza basi, mpenzi."

"Nitauliza nimesimama."

Bi Rangi alilijua swali kabla halijatoka kinywani. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo miezi minne. Hata hivyo alijifanya kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Sasa, Bi Rangi hakupewa jina hilo na wazazi wake. Kampuni yao ilikuwa ikipeleka mafundi wa mitambo ya hospitali katika nchi za watu, na kabla fundi hajafunga sanduku, ilikuwa lazima mtu aseme hali ya huko aendako ikoje. Mtu huyo alikuwa yeye. Kila mji ulikuwa na fomu yake na kila fomu rangi yake. Kijani, nenda. Njano, nenda lakini macho mbele na nyuma. Nyekundu, hakuna kwenda, miezi mitatu, ndipo mji upimwe tena. Meneja alimwamini mpaka akawa anasaini bila kusoma. "Bi Rangi akisema nyekundu, hata kipofu anaiona," ndivyo alivyopenda kusema, na watu wa ofisini wakacheka, na jina likaganda.

Kazi hiyo alifundishwa na mama mmoja aliyekuwa karibu kustaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza yule mama alimwambia, "Binti, usimuulize mtu kama kwao kuko salama. Utapoteza bure pesa ya simu. Anayeogopa atakwambia salama. Anayekuonea haya atakwambia salama. Muulize soko jana lilifungwa saa ngapi. Muulize kama watoto walikwenda shule. Muulize gari lililoleta unga lilipita njia gani. Halafu nyamaza, sikiliza anavyovuta pumzi."

Kwa hiyo kila asubuhi Bi Rangi aliisimamisha simu yake juu ya kijistendi cha chuma kilichokaa mezani, akawapigia watu wake, mmoja mmoja. Kijistendi hicho Fundi alikikunja kwa mkono wake, kutoka bomba la jenereta bovu, wiki ile waliyoambiana kwamba wanapendana. "Wewe unaongea na dunia nzima," alimwambia. "Angalau dunia isimame juu ya kitu changu." Nani angekataa maneno kama hayo? Bi Rangi hakukataa.

Fundi alitoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka juu ya meza, akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Anayeacha kazi hupewa faili lake lote. Nilikuwa sijui. Hebu soma."

"Naijua."

"Soma, nikusikie sauti."

Alisoma, na sauti yake haikuwa yake. "Shule, zimefungwa. Soko, lilifungwa saa sita mchana. Barabara ya daraja, haipitiki. Rangi, nyekundu."

"Na safu ya mwisho pale?"

"Ya sababu."

"Imeandikwa nini?"

"Haikuandikwa."

"Haikuandikwa," Fundi alirudia, kama mtu anayeonja dawa. "Wiki iliyopita nilimpigia mtunza stoo wa hospitali ya mji ule niliotakiwa kwenda. Nikamuuliza, ndugu, mwezi ule shule zenu zilifungwa kwa nini? Alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza kama kwetu hakuna likizo. Watoto walikuwa wamejaa mitaani wanavunja vioo vya watu kwa mpira. Nikauliza soko. Akasema siku moja kila mwezi wanafunga saa sita, wanapiga dawa ya panya. Panya, Bi Rangi. Miaka sita nimengoja kuwa fundi mkuu mahali, mahali popote, na nikaikosa nafasi kwa ajili ya panya."

"Daraja lilikuwa kweli halipitiki."

"Walikuwa wanabadilisha mbao. Wiki moja." Akacheka bila kuonyesha meno. "Unajua kinachoniuma? Kila neno uliloandika ni la kweli. Ungesema uongo ningeushika mkia. Wewe ulichukua ukweli ukaukata ulimi, kisha ukaupeleka kwa Meneja asaini."

Bi Rangi alitazama mikono ya mwanamume yule. Kucha zake zilikuwa na ule weusi wa mafuta usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Mikono hiyo ndiyo iliyomshika siku aliyougua, ikampaka maji usoni kwa uangalifu kama inashika kioo. Alitaka kuigusa. Ilikuwa mbali, ingawa meza yenyewe haikuwa pana.

"Kwa nini?" Fundi akauliza. Hilo ndilo lilikuwa swali lake moja.

Na jibu lilikuwa limekaa nje kwenye benchi la ukumbini, limeweka mkoba mapajani.

*

Maana miezi minne nyuma, Jumapili moja mchana, mama yake Fundi alimwita Bi Rangi nyumbani. Alimkuta anachambua mchele kwenye ungo, peke yake, mlango umerudishwa.

"Kaa hapa karibu, mkwe wangu," yule mama alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mkwe. Kabla ya hapo alikuwa akimwita "huyo binti wa simu", na kwa shangazi zake Fundi alikuwa amesema wazi kwamba mwanamke anayeshinda akiongea na wanaume wa nchi saba hawezi kutulia na mmoja. Sasa alimshika mkono. "Mimi nilizaa wawili. Wa kwanza alisafiri kwenda kutafuta. Unajua alirudije?"

"Nimesikia, mama. Pole."

"Hukusikia. Watu husikia 'alifariki'. Mimi nililetewa jina, mwanangu. Jina kwenye karatasi. Sanduku halikuja, shati halikuja. Nikaambiwa nilie juu ya jina." Akatupa kijiwe nje ya ungo. "Huyu wa pili wanataka kumpeleka huko huko ugenini, na wewe ndiye mwenye rangi."

"Mama, kule kunaonekana kuzuri. Nimepiga simu wiki nzima."

"Kuzuri leo. Kesho unaijua?"

"Kesho haijui mtu."

"Basi paka nyekundu. Nani atakuuliza? Miezi mitatu tu. Nafasi itapita, atanuna, kisha atatulia. Mtafunga ndoa. Mwanamume akishika mtoto wake mwenyewe mkononi, miguu inakuwa mizito. Au humpendi?"

Hilo "au humpendi" ndilo lililomwangusha. Mama wenzangu tunalijua neno hilo. Tunalitumia kama ufunguo, mlango ukifunguka hatuangalii kilichomo.

Lakini Bi Rangi asimsingizie mtu, na kwa kweli hakumsingizia. Mkono ulioandika ulikuwa wake. Kesho yake asubuhi alikaa na fomu mbele yake. Aliwaza Fundi miaka miwili mbali, aliwaza wanawake wa huko na vicheko vyao, aliwaza kitanda chenye upande mmoja wa baridi. Akauliza maswali yake, akaandika majibu yake, na alipofika kwenye safu ya sababu, akainua kalamu.

Mambo hayakwenda kama yalivyopikwa kwenye ungo. Hospitali ile ilichoka kuingoja kampuni, ikatafuta mtu kupitia wakala wa mitaani. Fundi aliposikia, akaandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo. Na sasa alikuwa anasafiri kesho, kwenda mji ule ule, ila bila kampuni. Na kampuni ndiyo iliyokuwa na gari la kumpokea, na bima, na mtu wa kumtoa kukichafuka. Wakala alikuwa na tiketi tu. Ukifika, umefika. Usipofika, wakala hana habari nawe.

*

"Nimekuuliza kwa nini," Fundi alisema.

"Nilikosa," Bi Rangi akasema. "Nilikosa na nitakiri hata mbele ya Meneja. Nifukuze mimi, nitukane, pete yako chukua. Lakini kesho usiende."

"Unaona sasa?"

"Nisikilize. Leo saa mbili nimempigia Mama Mkate."

Fundi alimjua Mama Mkate kwa hadithi. Alikuwa na tanuri lake nyuma ya hospitali ya mji ule, na kicheko kilichokuwa kikipasua spika ya simu. Bi Rangi alikuwa akimwigiza jioni, na Fundi akicheka mpaka machozi.

"Nilimuuliza soko jana lilifungwa saa ngapi. Akanyamaza. Yeye, mtu asiyejua kunyamaza. Halafu akasema saa tatu asubuhi. Nikamuuliza, mnapiga dawa? Akasema, nani apige. Nikauliza watoto. Akasema wako ndani, wa shule na wasio wa shule. Nikauliza unga. Leo siku ya nne hajaoka, gari la unga limegoma kuvuka daraja. Na hakucheka, mpenzi. Tangu mwanzo mpaka mwisho hakucheka."

"Na safu ya sababu?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nauliza tu. Sababu ni nini? Likizo? Panya?"

"Hakutaka kuisema kwenye simu. Ndiyo maana naogopa."

Alivuta fomu mpya kutoka chini ya faili, aliyoijaza asubuhi ile ile, nyekundu mpaka pembeni, safu zote zimeandikwa kwa mwandiko mdogo wa haraka. Fundi aliitazama bila kuishika.

"Ni nzuri," alisema. "Ile ya kwanza pia ilikuwa nzuri."

"Subiri wiki mbili. Wiki mbili tu, kisha nitakufungia sanduku mwenyewe."

"Mara ya kwanza ilikuwa miezi mitatu. Bei inashuka."

"Basi twende wote."

Hapo Fundi alimtazama. Mara ya kwanza tangu aingie, alimtazama hasa, na kwa punje ya wakati Bi Rangi aliliona lile jicho la zamani likitaka kufunguka.

"Kwenye nyekundu?" Fundi akauliza taratibu. "Ungekwenda kwenye nyekundu?"

"Ningekwenda."

"Basi wewe mwenyewe huiamini."

Lile jicho likajifunga. Mtego gani huo, jamani. Angesema asingekwenda, angeambiwa hampendi. Amesema angekwenda, ameambiwa anadanganya.

"Sikuwa peke yangu," Bi Rangi alisema, na alipolisema tu alitamani kulirudisha. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Nani mwingine?"

Aliangalia mlango. Fundi akageuka, akaangalia mlango, akaelewa, au akadhani ameelewa. Akaufungua.

"Mama. Hebu ingia."

Mama yake aliingia na ule mwendo wa watu wanaoingia ofisini mwa watu, anaomba radhi kwa zulia. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri. Alikuja kumsindikiza mwanawe kuchukua paspoti, na tangu asubuhi hakuwa ameachia mkono wake ila kwa mlango huu.

"Mama, huyu anasema hakuwa peke yake alipoandika ile nyekundu."

"Shikamoo, mama," Bi Rangi alisema.

Mama hakuitikia upesi. Alimtazama mwanawe. Na Bi Rangi, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza watu wanavyovuta pumzi, alisikia yule mama anavyovuta yake, akajua kinachokuja. Kesho mtoto anaondoka. Mama anataka aondoke anampenda. Hakuna mzani utakaolipima hilo na haki ya binti wa watu.

"Marahaba," mama alisema mwishowe. "Mimi ni mtu mzima wa nyumbani. Nitamfundishaje mtu kazi ya ofisini? Hata hizo rangi zenyewe sizijui zinakaa wapi."

"Mama," Bi Rangi alisema. "Siku ya mchele."

"Mchele gani tena, mwanangu?"

"Mama, sikuombi unitetee. Sema kwa ajili yake. Akijua kwa nini nilidanganya mara ile, atajua leo sina—"

"Usimsukume mama yangu," Fundi alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Kosa ni lako, unatafuta wa kulibeba naye. Mjane. Hukuona mwingine?"

Mama akafungua mkoba, akafunga. Akafungua tena, akatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Bi Rangi alivuta kijistendi cha chuma karibu, akasimamisha simu. Namba aliijua kwa moyo.

"Unamwita nani?"

"Usiniamini mimi. Mwamini yeye. Nitamuuliza mbele yako, sauti ya juu, usikie mwenyewe."

Simu iliita mara moja, mara mbili. Mara ya tano ikapokelewa. Hakuna aliyesema kitu upande wa pili. Palisikika tu mlango ukirudishwa.

"Mama Mkate," Bi Rangi alianza, "ni mimi. Jana soko—"

Fundi aliinamia simu. "Mimi siulizi kwa mafumbo," alimwambia mchumba wake. "Mafumbo yenu ndiyo yaliyonifunga hapa miezi minne." Kisha akasema kwenye simu, kwa ile sauti yake nene ya kuzoea kushindana na injini, "Mama, habari za huko. Mimi ni mtu nakuja kesho. Niambie moja tu. Kuko salama?"

Bi Rangi alifumba macho.

Fikiria upande wa pili. Mwanamke amejifungia nyuma ya tanuri lililopoa, simu inaita, anapokea, anasikia sauti ya mwanamume asiyemjua anamuuliza kama kuko salama. Wewe ungesema nini?

"Salama, mwanangu," Mama Mkate alisema. "Tuko salama kabisa. Karibuni sana."

Ikakatika.

"Umesikia?" Fundi akauliza.

"Nimesikia," Bi Rangi alisema. "Wewe ndiye hukusikia."

Alipiga tena. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga mara ya tatu, ikawa imezimwa.

"Amekwambia kabisa," Bi Rangi alisema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyaruhusu. "Hajawahi kuniambia kabisa. Yeye siku nzuri hulalamika. Siku nzuri husema unga mbaya, mume mvivu, mvua imemkosea. Nilikufundisha hili mwenyewe, tukiwa kwenye ngazi za kwenu. Ulicheka. Umesahau?"

"Sikusahau." Fundi alikuwa anarudisha karatasi kwenye bahasha, moja moja, akizipanga kingo. "Ulinifundisha kwamba mtu akisema salama nisimwamini. Kisha wewe ukasema hatari, nikaamini, ukanila. Sasa wa salama simwamini, wa hatari simwamini. Nimebaki na miguu yangu. Hiyo haijawahi kunidanganya."

"Sanaa ya maneno hiyo. Kule hakuna—"

"Ningekusamehe kunizuia," akamkata. "Sikiliza, maana sitarudia. Ungekuja ukaniambia, mpenzi, naogopa, usiende, ningeweza kubaki. Kwa ajili ya hofu yako ningebaki. Hukuniambia. Ulinipima kama mzigo wa watu."

Hilo lilimwingia mahali ambapo maneno hayatoki tena. Alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu. Fundi alikitazama kiganja kile kwa muda mrefu. Weusi wa kucha zake ulikaribia, ukasita, ukarudi kwenye bahasha.

"Pete kaa nayo," alisema. "Sina pa kuiweka safarini. Mama, nakwenda kwa wakala kuchukua tiketi, nitakukuta nyumbani."

Akatoka. Mlango hakuusukuma kwa bega safari hii, aliufunga kwa mkono, taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

Walibaki wanawake wawili na ile fomu nyekundu katikati. Chini barabarani pikipiki iliwashwa, ikaondoka. Mama aliketi kwenye kiti ambacho mwanawe alikikataa.

"Hii ya leo," mama alisema polepole, akiigusa fomu kwa ncha ya kidole kama anagusa sufuria ya moto. "Hii ni kama ile yetu?"

"Hapana, mama."

"Ni ya kweli?"

"Ya kweli yote. Na sababu nimeandika."

Uso wa mama haukubadilika upesi. Ulizeeka taratibu, kama nguo inayoloana kutoka chini.

"Mfuate," Bi Rangi alisema. Alikuwa amepiga magoti bila kujua amepiga lini. "Mama, mfuate sasa hivi. Mwambie siku ya mchele. Mwambie ulinituma. Akijua mara ile ilikuwa hofu yako, ataisikiliza leo. Mimi nimekwisha, mimi sina kinywa kwake. Umebaki wewe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jioni. Akishakula." Mama alisimama, akaweka mkoba begani. Mlangoni aligeuka. "Atanichukia, mkwe wangu."

"Atakuwa hapa akuchukie, mama."

Mama alitikisa kichwa kwamba amesikia. Akaenda.

Kwamba jioni ile Fundi alikula vizuri, mama yake alimsimulia Bi Rangi baadaye. Alikula, akacheka, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake kama alivyokuwa akifanya udogoni. Na mama akaona aseme asubuhi. Asubuhi gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuja mapema.

*

Siku ya tatu, mchana, Bi Rangi alikuwa mezani pake. Ile fomu ilikuwa imerudi kutoka kwa Meneja, kwa juu imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Si mtu wetu tena. Weka faili." Tangu juzi Mama Mkate hakupokea simu. Mtunza stoo wa hospitali hakupokea. Bi Rangi alikuwa ameishia kupiga namba za watu asiowajua, duka la viatu, kinyozi, akisikia milio inavyoita kwenye vyumba vitupu.

Simu ikatetemeka juu ya kijistendi cha chuma. Ujumbe.

"Nimefika. Kuko salama kabisa."

Aliusoma mara nyingi kuliko urefu wake. Alijaribu kusikia pumzi ndani yake, ila maandishi hayana pumzi. Je, alikuwa anamkomoa, kwamba unaona, nimefika na hukujua kitu? Au amekumbuka zile ngazi za kwao, na neno hatari, ambalo hawezi kuliandika, limejificha ndani ya hili "kabisa"? Fundi hakuwa mtu wa kusema kabisa. Lakini Fundi pia alikuwa mtu wa kinyongo.

Akaandika kwa vidole vya baridi: "Soko jana lilifungwa saa ngapi?"

Ujumbe ukaenda. Ukaonekana umesomwa. Alama ya mtu anayeandika ikatokea, ikapotea. Ikatokea tena, ikapotea, na haikurudi.

Alikuwa bado anapatazama mahali pale pale simu ilipoita. Mama yake Fundi.

"Mkwe wangu, umepata?" Sauti ya yule mama ilikuwa ya msichana. "Ameniandikia. Jirani amenisomea mara mbili. Amefika mwanangu, anasema kuko salama kabisa. Mungu amenisitiri. Unaona tulivyohangaika bure? Tungemvunja moyo bure. Nami sikulazimika kumwambia lile jambo. Umepata na wewe?"

"Nimepata, mama."

"Mbona umenyamaza? Si kuko salama?"

Bi Rangi aliutazama ukuta, na ramani yake ya rangi tatu. Aliwaza yule mama, ungo wake, jina lililokuja peke yake kwenye karatasi. Akavuta pumzi, akahakikisha haisikiki.

"Ndiyo, mama," alisema. "Kuko salama kabisa."